Mwalimu Aliyeishia Kidato cha Nne

Mashine ya kufulia ya Toakase ilishushwa Jumamosi asubuhi, mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama, Losaline akiwa amezamisha mikono kwenye beseni la mapovu hadi viwikoni. Wanaume wanne waliitoa garini wakaipandisha barazani. Ilikuwa nyeupe, ina mlango wa kioo kwa mbele, na Toakase alikuwa akitoa amri ambazo hakuna aliyeziomba: polepole jamani, msiikwaruze, hilo si jiwe la tanuri. Kati ya nyumba zile mbili hakuna ukuta, ipo kamba ya kuanikia nguo tu, kwa hiyo Losaline hakuwa na pa kujificha. Akalikamua shati la mumewe mpaka kifungo kikakatika.

"Mama Hepisipa!" Toakase akaita. "Njoo uone maajabu. Inafua, inasuuza, inakamua yenyewe. Kazi yako wewe ni kukaa na kuitazama."

"Hongera," Losaline akasema bila kuinuka.

"Lete basi nguo za mwalimu. Nafasi ipo. Kelepi amesema kila kitu tushirikiane."

"Za mwalimu nimeshamaliza."

"Na hizo zilizo kwenye beseni ni za nani?"

"Nimesema nimemaliza, Mama Folau."

Toakase akacheka, mkono mdomoni. Sisi wa Houmafua tunamjua, hana roho mbaya. Akipika lu, ile nyama ya kufungwa kwenye majani ya majimbi, hawezi kula kabla hajapeleka sahani kwa jirani. Tatizo ni kwamba sahani yenyewe haiji peke yake, huja na maelezo: hii ni nyama ya ng'ombe halisi, si ya kopo, tui nimekamua nazi tano. Mtu unakula na huku unahutubiwa. Na anayehutubiwa ni Losaline, mke wa mtu mwenye shahada.

Maana waume wao, Manase wa Losaline na Kelepi wa Toakase, walitoka tumbo moja lakini hawakutoka darasa moja. Manase alisoma miaka kumi na saba, minne ya mwisho akiwa ng'ambo, Suva, kwenye chuo kikuu, akarudi kufundisha hesabu katika sekondari yetu. Kelepi aliufanya mtihani wa kidato cha nne mara mbili, na mara ya pili karatasi yake ya hesabu ilisahihishwa na kaka yake mwenyewe. Alipata kumi na tisa kwa mia. Manase alisema hata hizo kumi na tisa zilikuwa za huruma. Sasa ni mwaka wa sita Kelepi anakwenda Australia kuchuma matufaha na zabibu, anarudi miezi mitatu, anakwenda tena, na anachopata Manase kwa wiki mbili, yeye huwa amekipata kabla jua la Jumatano halijatua.

Huo ndio ugonjwa uliokuwa ndani ya nyumba ya mwalimu. Hawakuwa na njaa, nisije nikasema uongo. Walikuwa na wivu, na wivu hauli majimbi ukashiba.

*

Jumatatu Manase alichora mstari ubaoni. Vitabu vipya vya hesabu vya kidato cha tano vilikuwa na sura nzima ya michoro, na mfano wenyewe ulikuwa huu: chini, miaka ya shule, pembeni, mshahara. Kila mwaka unaoongezeka, mstari unapanda. Mtunzi wa kitabu aliishi mbali na kwetu, inaonekana.

"Mnaona?" Manase akasema, chaki mkononi, mkeka wake wa kiunoni, vazi letu la heshima, umefungwa vizuri kama siku zote. "Aliyesoma miaka kumi yuko hapa. Aliyesoma kumi na tatu yuko hapa. Kumi na saba, huku juu kabisa."

Saane akanyoosha mkono. Msichana huyo hakujua kuogopa. "Mwalimu, wewe umesoma miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Basi wewe uko huku juu kabisa?"

Darasa likaanza kuguna. Hepisipa, binti wa mwalimu, aliyekaa dawati la pili, akainamisha uso kwenye daftari.

"Ni mfano, Saane. Ni wastani wa watu wengi."

"Na baba mdogo wa Hepi tumweke wapi, mwalimu? Yeye ana miaka kumi tu."

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini ya kutosha, "Mchoreni juu ya paa," na darasa zima likapasuka kwa kicheko. Manase alijibu kama kitabu kinavyojibu, kwamba katika kila mchoro huwa kuna nukta moja mbili zinazokaa nje ya mstari, na haziuvunji. Akaifuta chaki mikononi. Alijua, na wao walijua, kwamba Houmafua ina nukta hizo arobaini na tatu, na mstari wenyewe wanaushikilia watu watatu tu: yeye, muuguzi wa zahanati na mchungaji.

Mapumziko alikwenda kwa karani wa shule kuomba asogezewe mbele siku ya kulipa karo ya Hepisipa.

"Karo ipi?" karani akauliza. Hakuwa na nia mbaya, kinywa tu kilikuwa kimejaa mkate. "Kelepi kailipa tangu wiki iliyopita. Ya mwaka mzima. Hakukwambia?"

Walimu wawili waliokuwa wakinywa chai waliacha kunywa. Manase akasema, "Aa, kweli, aliniambia, nimesahau," akatoka. Uongo wa kwanza wa mtu mkweli huwa mdogo hivyo.

*

Jioni Kelepi akapiga simu ya picha. Alikuwa amekaa juu ya kreti, nyuma yake miti imepangwa kwa safu, jua bado halijazama. Amenenepa mashavu.

"Kaka! Malo e lelei. Shemeji yupo? Mashine umeiona?"

"Nimeiona," Losaline akasema kutoka jikoni. "Na nimeisikia pia. Inanguruma kutwa. Sijui wanafua nini, nguo za jeshi."

Kelepi akacheka sana. Yeye kila kitu kwake ni cha kucheka. "Kaka, karo ya Hepi usihangaike nayo."

"Ungeniuliza kwanza."

"Nikuulize nini? Mtoto ni wetu. Wewe ulinifundisha hesabu, mimi nalipa madeni." Akageuza simu. "Ngoja nikuonyeshe mtu. Unamwona yule mwenye kofia ya bluu? Mwalimu wa sayansi huyo, katoka Vava'u. Shahada kama yako. Yuko kwenye kikundi changu. Mimi ndiye kiongozi wa kikundi, kaka! Asubuhi namwambia anza safu hii, anaanza. Namwambia umechuma mabichi, rudia, anarudia." Akapunguza sauti, akasogeza uso kwenye simu. "Na anafurahi! Anasema hajawahi kulipwa hivi tangu azaliwe. Huku mti haukuulizi shahada, kaka. Unakuuliza tu una mikono mingapi."

Simu ilipokatika, Manase aliendelea kukaa huku madaftari yako mapajani. Hakusahihisha hata moja. Kelepi hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililomuuma. Mtu akikukejeli utamjibu. Huyu alikuwa na furaha tu, yule wa kumi na tisa kwa mia, anamwamuru mwenye shahada arudie.

Losaline akaja akakaa karibu naye. "Mwalimu."

"Mm."

"Mjomba Taniela anaandikisha watu wa kwenda kuchuma, kule kwetu Lotofusi. Wamepewa nafasi ishirini."

"Wenye kazi za serikali hawatakiwi mwaka huu. Wala waliopita kidato cha tano. Walimu na wauguzi wameondoka wengi mno, kamati za vijiji zimekataza."

"Nani wa Lotofusi anajua umesoma mpaka wapi? Wanajua tu ulinioa, na mjomba huandika anachoambiwa." Akamshika goti. "Miaka kumi na minane nasikia elimu ni ufunguo. Sawa, ni ufunguo. Lakini kitasa wamekibadilisha, mume wangu, na wewe bado unauzungusha. Mimi sitaki kasri. Nataka siku moja yule mwanamke aniite nione kitu, na mimi niwe nacho tayari ndani."

Mumewe akayaweka madaftari sakafuni. Sauti za watoto wa Toakase zilikuwa zikisikika, wanagombania kitu kipya.

"Mjomba wako anaandikisha lini?" akauliza.

*

Shuleni aliaga kwamba anakwenda kwenye semina. Alifika Lotofusi saa tatu, hana mkeka kiunoni, amevaa kaptura ya shambani na fulana iliyopauka, na Losaline alikuwa amempaka udongo kidogo kwenye kucha. Mjomba Taniela, ofisa wa kijiji, alikaa kwenye meza chini ya turubai pembeni ya uwanja wa raga. Alikuwa mzee mnyoofu, amevaa rasmi, anaandika kila neno kwa herufi kubwa.

"Jina nalijua, mkwe wetu. Kazi?"

"Mkulima."

"Mlimaji wa nini?"

"Mihogo. Viazi vikuu kidogo."

"Vizuri. Elimu?"

Wahenga walisema elimu haina mwisho. Ya Manase ilipata mwisho saa tatu na nusu asubuhi, uwanjani Lotofusi. "Kidato cha nne," akasema, na mzee akaandika, KIDATO CHA NNE, akapuliza wino ukauke.

Jaribio lenyewe lilikuwa kubeba ndoo mbili za mchanga kuuzunguka uwanja mara tatu, halafu kukimbia mara moja bila ndoo. Manase alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Mzunguko wa kwanza alikwenda vizuri. Wa pili ndoo zikaanza kumgonga magoti. Wa tatu alimwona Kelepi juu ya kreti lake, mashavu yale, kicheko kile, na nguvu ikaja kutoka mahali ambapo si pazuri. Vijana wa miaka ishirini waliweka ndoo chini, yeye akafika nazo.

Alipokuwa ameinama anatafuta pumzi, mwanamke mmoja kijana akaja mbele yake na uso umemchangamka. Alikuwa Vaisima, mwanafunzi wake wa miaka mitatu, mwenye kichwa kizuri cha hesabu, aliyeacha shule akaolewa Lotofusi.

"Mwalimu! Na wewe? Mwalimu Manase, siamini!"

Watu wa karibu wakageuka. Mjomba Taniela akainua macho mezani.

"Umenifananisha, dada," Manase akasema.

Vaisima akamtazama. Alitazama kaptura, akatazama kucha zenye udongo, akatazama orodha iliyokuwa mezani. Nimesema alikuwa na kichwa kizuri. "Samahani, mzee," akasema polepole. "Kuna mtu unafanana naye sana." Akarudi kwenye foleni yake, na siku ile yote hakutazama tena upande ule.

Kurudi nyumbani, Manase alimwambia mkewe kila kitu kimekwenda sawa. La Vaisima hakulisema.

*

Kosa lililowafichua ni la kwetu hasa, wala si la ubaya. Mjomba Taniela alifurahi kupata orodha yake ya kwanza, akaipeleka redioni isomwe kwenye matangazo, kama tunavyosoma vifo, harusi na ng'ombe waliopotea. Na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, hakuacha jina la mtu likae uchi. Kwetu kumtaja mtu bila baba yake na kijiji cha baba yake ni kumtukana. Akaandika vyote, na mbele ya kila jina akaongeza kazi na elimu, watu wasije wakasema kamati ya Lotofusi imependelea wenye kazi. Manase na Losaline walikuwa wamehesabu kila kitu isipokuwa heshima ya mzee.

Ijumaa, saa kumi alasiri, wanawake wa Houmafua walikuwa kwenye nyumba ya ususi, wamekaa kwa safu mbili, mkeka mmoja mrefu kati yao, majani ya mkadi yamelowekwa pembeni. Aliyekaa kichwani mwa mkeka ni Akanesi. Ni dada mkubwa wa Manase na Kelepi, na kwetu dada ndiye mkubwa wa nyumba hata akizaliwa wa mwisho. Kwa watoto wa kaka zake yeye ni fahu, na neno la fahu halirudishwi. Akitaka kuku, anachukua. Akitaka mkeka, anachukua. Akanesi hakuwahi kuitumia haki hiyo vibaya. Alipenda tu kusema "mdogo wangu mwenye shahada" mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na sisi tulimwachia, maana tulijua ilivyopatikana. Baba yao alipofariki, Akanesi alikuwa kidato cha pili. Akaacha. Akakaa kwenye mkeka. Nauli ya Suva, chumba cha Suva, vitabu vya Suva, vyote vilitoka kwenye vidole vile.

Redio ilikuwa dirishani. Msomaji akamaliza ng'ombe mwekundu wa Nukunuku, akaingia Lotofusi.

"...Manase Vakaloa, mwana wa marehemu Siaosi Vakaloa wa Houmafua, mkulima, elimu kidato cha nne..."

Mikono yote ikasimama.

"Huyo ni nani?" mmoja akauliza, ingawa alijua.

"Marehemu Siaosi Vakaloa hapa wako wangapi?" akajibu Meliame, ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo. "Haya! Kumbe mwalimu wetu ni kidato cha nne. Akanesi, mwenzangu, na ile mikeka ya miaka minne ulikuwa unamsomeshea nani? Au alikuwa Suva anacheza raga?"

Kuna waliocheka kidogo, kwa sababu Meliame huchekesha, halafu wakajutia. Toakase naye alikuwepo. Mtu angetegemea afurahi, lakini aliinama akashika jani lake na kusema, "Meliame, nyamaza." Ni mimi nakuambia, hatukuwahi kumsikia Toakase akimnyamazisha mtu.

Akanesi alirudisha jani alilokuwa amelishika, akalibana na mengine, akasuka mstari ule mpaka mwisho wa mkeka. Ukimtazama ungedhani hakusikia. Kisha akasimama, akakung'uta nguo, akaenda nyumbani kwake mapema, jambo ambalo halijawahi kutokea siku ya Ijumaa.

Mkuu wa shule naye ana redio. Kabla ya chakula cha jioni barua fupi ilikwishafika kwa Manase: Jumatatu alete funguo za darasa.

*

Akanesi alikuja kesho yake baada ya chai. Losaline alimwona tangu barabarani, akakimbia kutandika mkeka mzuri. Manase alifunga mkeka wa kiunoni, akaja kukaa karibu na mlango, chini, macho sakafuni, kama kaka anavyokaa mbele ya dada yake. Kwetu ndugu hao hawataniani, hawakai pamoja kupiga soga, na kaka hajibishani.

"Sikuja kugomba," Akanesi akasema. "Unaondoka lini?"

"Jumatano ijayo, dada."

"Mshahara ni mzuri?"

"Mzuri."

"Mara ngapi ya ule wa shule?"

"Mara nne. Matunda yakiwa mengi, mara tano."

Akanesi akatikisa kichwa polepole, bila kejeli. "Ni nyingi. Nenda. Mtu hazuiwi riziki. Hata ungekuja ukaniambia, dada, shahada hailipi, nimechoka kuwaangalia wenzangu, nakwenda kuchuma matunda, ningekuchimbia viazi vikuu vya safari. Nilikusomesha ujue ulichokijua. Sikukusomesha ili ufanane na Kelepi mfukoni."

"Dada..."

"Sijamaliza. Kutoka kidato cha nne mpaka kumaliza Suva ni miaka mingapi? Wewe ndiye wa hesabu."

"Saba."

"Saba. Umeifuta yote saba kwa neno moja. Manase, ile miaka haikuwa yako peke yako hata uifute." Akainua mkono wake wa kulia, vidole viwili vya mwisho vimejikunja na havinyooki. Hakuuonyesha muda mrefu, aliurudisha mapajani. "Jana nimechekwa. Sijachekwa tangu mama afe. Nimechekwa na Meliame, mtu ambaye hawezi kuhesabu mbuzi wake."

Losaline hakuweza kuvumilia tena. "Wifi, ni mimi niliyemshawishi. Unilaumu mimi. Lakini na sisi ni watu! Kila siku Toakase ana hiki, Toakase ana kile, mimi naishi kwa kuangalia vya watu kupitia kamba ya nguo. Karo ya mwanangu inalipwa na mtu aliyefeli. Moyo unauma, wifi. Unauma kweli."

"Najua unauma," Akanesi akasema. "Unadhani mimi sikuwahi kumwonea wivu mtu? Miaka minne namtumia mdogo wangu pesa, halafu ananiandikia barua yenye maneno ambayo siyajui. Nilikuwa nampelekea mchungaji anisomee. Nilikuwa nalia kwa wivu, Losaline, wivu wa kumwonea ndugu yangu mwenyewe. Lakini nilikaa nikasuka. Na Toakase, hata kama ana mashine kumi, hajaandika uongo juu ya mtu yeyote."

Kisha akaita, bila kupaza sauti, "Hepisipa."

Mtoto alikuwa chumba cha pili, amesikia kila neno, kama watoto wote wa nyumba ndogo. Akaja akakaa mbele ya shangazi yake, miguu imekunjwa vizuri.

"Uko kidato cha ngapi, mwanangu?"

"Cha tano, shangazi."

"Na baba yako aliishia cha ngapi?"

Swali la fahu halina budi kujibiwa. Hepisipa alimgeukia baba yake, akangoja. Alimpa muda wa kutosha, sisi sote tuliosimuliwa baadaye tunakubali kwamba alimpa muda. Alitaka tu ainue uso. Angeinua uso akasema neno moja, mtoto angelisema kwa sauti mpaka lisikike Lotofusi. Lakini Manase alikuwa anafikiria karatasi ile, na tiketi, na kwamba akiikana orodha sasa hatakuwa na kazi ya huku wala ya kule, na akaendelea kutazama sakafu.

"Cha nne, shangazi," Hepisipa akasema.

Losaline akafunika uso.

"Basi umeshampita," Akanesi akasema. "Mtu hawezi kukuongoza njia ambayo anasema hajaipita. Chukua vitabu vyako na nguo za shule. Kuanzia leo unakaa kwangu."

"Karo imeshalipwa!" Losaline akalia. "Ya mwaka mzima!"

"Atarudishiwa Kelepi. Huyu nitamsomesha mimi. Nimeshasomesha mmoja, najua panapovuja."

Hepisipa alifunga vitabu kwa kamba. Nguo zilitosha kwenye mfuko mmoja. Mama yake alimng'ang'ania shingoni, akamwachia, akamng'ang'ania tena. Kutoka ilikuwa lazima ampite baba yake pale mlangoni, na akainama kama tunavyoinama tukipita mbele ya wakubwa, akasema "Tulou," yaani samahani napita, kwa sauti ya heshima anayoitumia kanisani, kwa wageni.

"Dada," Manase akasema, na hapo ndipo alipoinua uso, macho yake mekundu. "Mimi ni mwalimu. Nina shahada."

Akanesi alikuwa amekwishafika uani. Aliupokea mfuko wa mtoto, akautia begani mwake.

"Redio imesema huna," akajibu, na wakaenda.

Losaline alimvuta mumewe kwa bega, akampiga ngumi mgongoni, akamwambia amfuate, amkimbilie, amnyang'anye mtoto wake kabla hawajakata kona. Manase hakusogea. Kwetu hakuna kaka anayemfuata dada yake barabarani kudai alichokichukua, awe ana kidato cha nne au awe ana shahada kumi.